Jicho la Kushoto la Mwajijua

Wifi yangu Atuganile hamwamini mtu. Sisemi kwa ubaya. Kaka yangu alimuoa kutoka Mbebe akamleta Itaka, tukaishi uani pamoja miaka mingi kabla mimi sijahamia Mlowo na duka langu, na mpaka leo nikimpelekea fungu la mboga analigeuza kwanza chini juu ndipo anasema asante. Mafuta ya taa huyanusa. Mbegu za mahindi, hata zikitoka kwenye mfuko uliofungwa vizuri dukani, lazima azimwage kwenye ungo azichambue. Siku ya kuuza kahawa huja Mlowo na mizani yake mwenyewe, na wanunuzi wakimwona anashuka kwenye gari huanza kuguna kabla hajafika. Mimi husimama upande wake, maana wanunuzi wale nawajua, lakini moyoni huwa nachoka.

Kaka alipofariki alimwachia shamba la kahawa, nyumba, na binti mmoja tu, Edina. Mbwa alikuja baadaye. Wifi alimchukua akiwa mdogo, mwekundu, masikio yamelala, akampa jina la Mwajijua. Huku kwetu jina la mbwa mara nyingi ni ujumbe kwa majirani. Kila jioni alipoita kwa sauti, "Mwajijua! Mwajijua, njoo ule!" jirani wa ng'ambo ya mfereji, ambaye walikuwa na maneno naye ya mpaka wa shamba, alikuwa akiingia ndani na kufunga mlango.

Huyo mbwa ndiye kiumbe pekee aliyeaminiwa katika nyumba ile. Alifungwa kwenye nguzo kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, mgongo umeegemea ukuta wa stoo, getini anapaona. Watu wema aliwaacha wapite. Siku moja alikuja kijana mtanashati anauza mbolea, maneno yake matamu, hata mimi nilitaka kununua. Mwajijua akambwekea mpaka sauti ikakauka, wifi akamfukuza yule kijana. Baada ya muda tukasikia amekamatwa huko mbele na mbolea yake ikakutwa ni majivu yamechanganywa na chumvi. Tangu siku hiyo kesi zote ndani ya nyumba ile alihukumu mbwa.

Basi akaja Mabula.

Niseme ukweli, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua, kwa sababu duka ni langu na macho ni yangu. Edina huja kunisaidia siku za mnada, na Mabula huleta mchele Mlowo kutoka bondeni Momba, ambako wazazi wake Wasukuma walihamia zamani na ng'ombe wao. Mchele wenyewe ulikuwa unaisha haraka, lakini mwenye mchele haondoki. Nikamwambia Edina, "Huyu atahamia hapa na magunia yake." Akacheka kwa aibu, nikaelewa kwamba mambo yameshaiva. Kijana ni mrefu, mpole, anaongea kidogo. Mimi wanaume wanaoongea kidogo huwa nawashuku, kwa sababu hujui kule ndani wanapanga nini, lakini nilikaa kimya nikamtazama kwanza.

Tatizo lilianza alipokwenda Itaka kujitambulisha, nami nikiwepo. Hakupita getini. Alizunguka nyuma, akapenya katikati ya mibuni, akatokea kwenye kona ya stoo, akasimama mbali, akakohoa. Wifi alipotoka, kijana akageuza uso akatazama chini, akasema "Shikamoo mama" kama anaiambia ardhi. Na Mwajijua alipomsikia alilipuka. Sijawahi kuona mbwa akikasirika vile, alivuta kamba mpaka nguzo ikayumba. Safari ya pili kamba ilikatika, akamng'ata Mabula kwenye shavu la mguu. Safari ya tatu ikawa vile vile, na kijana akapita njia ile ile ya nyuma, na macho yale yale chini.

"Unaona?" wifi aliniambia. "Mtu mwenye moyo safi anapita mbele. Mtu mwenye moyo safi anakutazama usoni. Huyu ana jambo, na mbwa ameliona."

Hata mimi nilijiuliza kwa nini mchumba apite kwenye mibuni.

Washenga wa upande wa Mabula walikuwa waje Jumamosi. Mimi nikiwa shangazi wa binti nilitakiwa kuwepo. Wifi akaniambia mpango wake bila kuficha: watakaribishwa, watakunywa chai, halafu wataambiwa mbwa amekataa.

"Wifi, utawaambia watu wazima na suti zao kwamba mbwa amekataa?"

"Wewe ulishamwona amekosea?"

Sikuwa nimemwona. Edina alikuja dukani siku ya pili yake, macho yamevimba, akaniambia, "Shangazi, nikikataliwa kwa sababu ya mbwa, sitaolewa na mwingine. Na mama sitamsamehe." Aliyasema taratibu bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniogopesha. Edina ni binti wa Atuganile, akisema neno amesema.

Jioni hiyo hiyo Mabula naye akaja, akaegemea gunia. Halafu akasema, "Shangazi, yule mbwa anaumwa. Jicho lake la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, na lina ukungu. Nililiona aliponing'ata."

Nikamtazama vizuri. Mtu anang'atwa, badala ya kukimbia anakagua macho ya mbwa? Nikamuuliza hivyo hivyo. Akasema amekua na ng'ombe, na ng'ombe akiumwa jicho hubadilika tabia. Akasema bwana mifugo wa kwao amemwambia kuna bingwa wa macho ya wanyama, Daktari Gloria, ambaye huja Tunduma mara moja moja kuwatazama mbwa wanaolinda yadi za malori, na wiki hii yupo. Yeye Mabula ana rafiki mwenye Canter anapeleka mahindi Tunduma Alhamisi. Angependa mbwa apelekwe.

Sitaficha nilichofikiri. Nilifikiri anataka kumwondoa mbwa ili Jumamosi njia iwe nyeupe. Sindano moja tu, na shahidi hayupo. Lakini nikafikiri pia kwamba nikikaa karibu sindano hiyo nitaiona, na kama ni mbaya nitakuwa nimemjua kabla hajamchukua mtoto wa kaka yangu. Nikaenda Itaka.

Wifi nilimpata kwa njia anayoielewa. "Jumamosi utamtaja mbwa mbele ya watu. Wakisema mbwa wako mgonjwa haoni vizuri, utajibu nini? Mpeleke, daktari aseme ni mzima, halafu wafukuze kwa raha zako."

Alifikiri. Akakubali kwa masharti yake. Kamba atashika yeye. Mbwa asile chochote kinachotoka mkononi mwa Mabula. Maji ya mbwa yatatoka nyumbani kwenye dumu lake. Na Mabula akae nyuma juu ya magunia, yeye na mbwa mbele. Kwa hiyo Alhamisi nilisafiri nimebanwa kati ya dereva na wifi, mbwa miguuni mwetu, na kila Canter ilipopunguza mwendo wifi aligeuka kutazama kioo cha nyuma aone Mabula anafanya nini. Mabula alikuwa amejifunika turubai, amelala.

Kliniki yenyewe ipo nyuma ya maduka ya spea, ukiacha barabara yenye foleni ya malori yanayongoja kuvuka mpaka kwenda Zambia. Kwenye benchi la nje tulimkuta mwanamume wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na mbwa wake mkubwa mweusi. Akatuinamia kwa heshima, "Mwapoleni mukwai." Wifi akamkagua kuanzia viatu mpaka kofia.

"Anataka nini huyu?"

"Anakusalimia, wifi."

"Ananijua wapi?"

Nilimjibu yule baba kwa niaba yetu sote. Daktari Gloria alitoka mwenyewe kutuita. Ni mama wa makamo, mwembamba, viatu vya raba, sauti ya chini. Hakumgusa mbwa. Alikaa kwenye kigoda mbali naye, akaanza kuuliza maswali. Anakula vizuri? Anagonga vitu? Anagonga usiku tu au na mchana? Anapenda kushikwa kichwani, au amekuwa akikwepa? Analala upande gani? Amebadilika tabia tangu lini?

"Unauliza kama polisi," wifi akasema. "Mashine hukuja nazo?"

"Zipo, mama. Lakini mashine haijui anavyoishi kwako. Wewe ndiye unayejua." Halafu akamweleza atakachofanya. Leo kwa kuanzia hakuna sindano wala dawa ya usingizi. Mbwa atakuwa macho, wifi mwenyewe atamshika, na mengi ni ya kutazama na taa. Kutakuwa na matone ya kuweka machoni, na atasema kila tone ni la nini. "Ukiona simtendei vizuri, sema acha. Nitaacha."

Wifi akaniangalia, akataka kujua kama ni mtego. Nikainua mabega. Mabula alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje, uso ameupa ukuta. Alivyosimama vile hakujisaidia hata kidogo.

Daktari akapanga viti viwili na ndoo katikati ya chumba, akaomba mbwa aachiwe kamba atembee. Mwajijua akanusa, akapita kiti cha kwanza vizuri, akageuka, bega la kushoto likagonga ndoo. Ndoo ikaanguka kwa kelele, mbwa akaruka.

"Ndoo imewekwa makusudi!" wifi akasema.

"Ndiyo mama, nimeiweka makusudi."

Akapunguza taa, mbwa akatembea tena, na kwa upande wa kulia kila kitu alikikwepa. Kushoto akagonga mguu wa meza. Daktari akachukua kipande cha pamba, kitu kisicho na harufu wala sauti, akakidondosha mbele ya jicho la kulia. Mbwa akakifuata kwa macho mpaka chini. Akadondosha kushoto. Hakuna. Mwajijua alikuwa anatazama mbele tu, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Hapendi pamba," wifi akasema. Akaiomba, akadondosha mwenyewe. Akadondosha tena. Akachukua nyingine kutoka kwenye pakiti, labda ile ya kwanza ina kitu, akadondosha hiyo. Daktari akamwacha aendelee mpaka akachoka mwenyewe.

Baada ya hapo kikaja kikaratasi chembamba chenye alama, kinachopachikwa ndani ya kope ya chini kupima kama machozi yanatosha. Wifi akakinusa kwanza. Machozi yalikuwa yanatosha. Ikaja taa ndogo: ikimulikwa jicho la kulia, mboni inasinyaa, ikimulikwa la kushoto, mboni imekaa wazi vile vile, kubwa, haina habari. Hilo hata mimi niliyekaa mbali nililiona.

Kisha daktari akaweka tone la ganzi kila jicho, akatoa kifaa kama kalamu nene. Akasema jicho lina maji ndani yake yanayoingia na kutoka, na njia ya kutoka ikiziba, presha inapanda. Akagusisha kalamu jicho la kulia, namba ikatokea, akasema ni nzuri. Akagusisha la kushoto. Namba ikawa zaidi ya mara mbili.

Hapo wifi akaamka kama anavyoamka kwenye mizani ya Mlowo.

"Pima tena. Anza na hili bovu."

Daktari akapima la kushoto kwanza, halafu la kulia.

"Tena. Na mimi nikiwa nimesimama huku, nione unavyobonyeza. Na kamba hii ya shingo niilegeze, isije ikawa ndiyo inayopandisha."

"Kulegeza kamba ni jambo zuri," daktari akasema, na akapima tena. Namba zilikuwa zile zile. Wifi alikaa kitako. Namjua, mizani ikisema vile vile hata akigeuza mzigo, huwa hana ubishi tena, hata kama haipendi.

Lakini alikuwa hajamaliza. Daktari alipodondosha rangi ya kutafuta michubuko, akazima taa na kumulika na mwanga wa buluu, macho ya Mwajijua yakang'aa kijani, na muda mfupi baadaye kijani kikachuruzika kwenye pua. Wifi akapiga ukelele ambao nadhani hata yule baba wa Nakonde aliusikia.

"Mmemtia nini? Anatokwa na nini puani?"

"Ni rangi ile ile, mama. Machozi yana njia ya kushukia puani. Wewe ukilia si pua nayo inatoka maji? Rangi ikifika puani, njia ni nzima."

Mwisho akaweka tone la kupanua mboni, la kulia peke yake. Akasema la kushoto hatalipanua, kwa sababu tone hilo linaweza kuongeza presha, na mboni yenyewe imeshafunguka. Tukangoja kwenye giza giza mpaka dawa ifanye kazi. Kisha akavaa taa kichwani, akashika lenzi, akachungulia ndani kwa muda mrefu, jicho moja, halafu la pili. Akamwita wifi achungulie naye la kulia. Wifi akasogea kwa tahadhari, mkono mmoja bado kwenye kamba.

"Kuna kitu kinang'aa," akasema. "Na vimishipa vyekundu."

"Hivyo ndivyo jicho zima lilivyo kwa ndani. Sasa tazama hili."

Alitazama la kushoto. Sikuona alichokiona. Nilimwona tu alivyorudi nyuma, akamshika mbwa wake shingoni.

Daktari akawasha taa za chumba, akasema mambo waziwazi, nami nilimpenda kwa hilo. Ni presha ya jicho, ya muda mrefu. Jicho la kushoto limekufa, halioni kabisa na halitaona tena. Na bado linauma, maumivu kama ya kichwa kinachogonga bila kupoa. Jicho la kulia ni zima kwa sasa, ila atapata matone ya kulilinda na lipimwe mara kwa mara. La kushoto inafaa liondolewe, mbwa apumzike.

"Limekufa tangu lini?"

"Siku kamili siwezi kukuambia. Kwa nilivyoliona ndani, ni miezi mingi."

Wifi akahesabu kimya kimya. Nami nilihesabu. Ilikuwa zamani kabla Mabula hajakanyaga Itaka. Lakini wifi alikuwa na swali moja aliloliweka tangu nyumbani, na alilitoa huku akitazama mlangoni.

"Mtu anaweza kumtilia mbwa kitu jichoni? Pilipili. Dawa. Kitu cha kienyeji."

Chumba kizima kikajua anamsema nani. Mabula hakugeuka, ila niliona mkono wake umekamata fremu ya mlango.

"Angetiliwa kitu cha kuunguza, ningeona kovu kwa juu, na ile rangi ya kijani ingeshika kwenye mchubuko," daktari akasema. "Hakuna. Ugonjwa huu unatoka ndani ya jicho lenyewe. Hakuna mtu aliyemfanyia." Halafu akauliza kama vile ni swali la kawaida: "Kuna mtu anayembwekea kupita wengine?"

"Yupo," wifi akasema.

"Anatokea upande gani?"

Wifi akamtazama mbwa. Nikamjibia mimi, maana nilikuwa nimeshaanza kuiona picha: mbwa akiwa kwenye nguzo yake, getini ni kulia kwake, na mibuni ni kushoto kwake.

Daktari akamwomba Mabula aje taratibu, azunguke upande wa kulia wa mbwa, anyooshe mkono chini. Mabula akaja. Mwajijua akamtazama, akanusa vidole, akanusa na mguu wenye kovu la meno yake mwenyewe, akaketi. Hakunguruma. Kisha daktari mwenyewe, ambaye mbwa alishamzoea, akapita kushoto akaleta mkono karibu na kichwa bila kusema kitu. Mwajijua akageuka kwa meno yote nje, wifi akamzuia kwa kamba.

"Siyo chuki," daktari akasema. "Anashtushwa na asichokiona, tena upande unaouma."

Mimi nilitaka kucheka, nikataka pia kulia, nikafanya vyote kidogo. Wifi yeye alikasirika. Kwa mara ya kwanza alimgeukia Mabula moja kwa moja.

"Na wewe! Geti lipo. Kwa nini unapita kwenye kahawa yangu kama mwizi?"

Mabula akatazama sakafu. "Mama, kwetu mkwe hatakiwi kukutana na mama mkwe uso kwa uso. Nikipita getini nakukuta mlangoni, ghafla. Ni utovu wa adabu mkubwa. Nilipita nyuma nikakohoa ili unisikie mapema, ukitaka kuingia ndani uingie. Na kukutazama machoni siwezi. Nikikutazama nimekudharau."

Kumbe! Yote tuliyoyaita wizi yalikuwa heshima, tena heshima ya kupita kiasi. Niliona haya kwa niaba ya ukoo mzima. Wifi akamkabidhi daktari kamba ili jicho litolewe. Ila akauliza jicho likitolewa litapelekwa wapi, na akataka arudishiwe alizike mwenyewe. Daktari akakubali.

Tukatoka nje kungoja. Wifi akakaa mwisho wa benchi, mimi katikati. Mabula akaketi kwenye jiwe mbali kidogo, mgongo nusu katugeuzia, kama alivyolelewa. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa nasubiri wifi aseme "Basi Jumamosi karibuni," turudi nyumbani tumpe Edina habari. Hakusema. Uso wake ulikuwa mgumu kuliko asubuhi.

"Simwamini," akasema.

"Wifi, jamani! Umebakiza nini sasa? Mbwa amepimwa, kijana amejieleza, wewe mwenyewe umechungulia!"

"Nikimwamini atamchukua."

Alisema hivyo tu. Hasira zangu zikaniishia pale pale. Miaka yote niliyomwona ananusa mafuta na kugeuza mboga, sikuwahi kumsikia akisema anachoogopa. Aliendelea kwa sauti ndogo, anatazama malori. Alisema mama yake alifariki Mbebe wakati yeye yuko Itaka na mimba kubwa, njia ina matope, na alipofika kaburi lilikuwa limeshaota majani. Alisema mbwa alikuwa kisingizio kizuri, na sasa daktari amemnyang'anya.

Halafu akasema, bila kumtazama kijana, "Mwulize. Mvua zikianza huko bondeni, mwanangu nitamwonaje?"

Mabula alisikia, tulikuwa hatua chache tu, lakini adabu ni adabu, ikabidi mimi niwe katikati. Nikamgeukia na kurudia swali. Na nilipokuwa nalirudia nilimkonyeza. Nilitaka adanganye. Nilitaka aseme atamleta kila mwezi, kuna barabara mpya inakuja, maneno yoyote yale ya washenga, tumalize.

Mabula aliniona nikikonyeza, akatazama chini.

"Mwambie mama hatamwona," akasema. "Mvua kubwa zikishaanza gari halishuki kwetu mpaka njia ikauke. Mtandao nao unakatika. Mtoto akizaliwa kipindi hicho, mama atasikia tu kwa simu, siku simu ikikubali."

Nikamtukana moyoni. Mjinga mkubwa, mlango umefunguliwa naye anaufunga mwenyewe. Sikuthubutu kumgeukia wifi. Daktari alichungulia mlangoni akasema kazi imekwisha salama na mbwa anaanza kuamka, na hakuna kati yetu aliyeinuka.

"Mabula," wifi akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilitaja jina hilo. Hakupitia kwangu. "Njoo ukae hapa kwenye benchi."

Kijana akanitazama mimi, macho yamemtoka, kwa sababu jambo lile kwao halifanyiki. Nikasogea nikampisha. Akaja, akakaa ukingoni kabisa, uso ameuelekeza kwenye malori.

"Watu wote wanaokuja kwangu wananiambia mazuri tu," wifi akasema. "Wewe niambie mabaya ya kwenu. Yote. Usinifiche hata moja."

Mabula akaanza na mbu. Akaenda kwenye maji ya kisima yenye chumvi, joto la mchana, zahanati iliyo mbali, dada yake mkubwa mwenye mdomo. Wifi yangu alikuwa analia waziwazi, kanga mdomoni, na kila aliponyamaza kijana, alimpungia mkono aendelee.